Mtambo Nambari Kumi na Nne

Wiki ya tatu kati ya kumi na mbili
wametuletea mtambo wa kufumia sufu tuufungue,
nami nimeutambua kabla ya kusoma bati lake:
kovu kwenye rangi ya kijani, ubavuni,
pale nilipokuwa nikiegemeza goti
zamu ya usiku, miaka kumi na tisa.

Gabrovo ina theluji ya Machi, ile chafu.
Kiwanda kilifungwa, jengo likabaki;
ghorofa ya chini sasa ni karakana ya mafunzo
na harufu ya sufu mbichi imegoma kuhama.
Tuko tisa. Rusi aliendesha basi hadi mgongo ukamkataa.
Deyan ana miaka kumi na minane na haoni haya kuuliza.
Mwalimu ni Milka, mdogo kuliko binti yangu,
kucha fupi, maneno mafupi,
na kila asubuhi hutukaririsha kama watoto wa chekechea:

    Zima, funga, kisha pima,
    pima tena; ukikoma
    ndipo vidole vya nyama
    uviingize chumani.

Siku zile kufungua kifuniko lilikuwa kosa.
Ninyi ni mikono ya mbele, tuliambiwa.
Mtambo ukigugumia, inua kitambaa chekundu, msubiri fundi.
Dakika za kusubiri zilikatwa kwenye mshahara.
Fundi alikuwa Ognyan.
Alikuja na kiti chake cha kukunja,
ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni,
akasikiliza kama daktari asiye na haraka.
"Huu una kiburi, Tsonka. Utaniita tena."
Nami nilimwita. Kila baada ya wiki mbili nilimwita,
na mfukoni hakukosa tufaha moja, la kwangu.

Leo nimezima, nimefunga, nimepima,
nimepima tena.
Skrubu sita. Ya tano imelia.
Sijui nilitarajia nini.
Gia. Mkanda uliokauka kama gome.
Vumbi la sufu limeshikana, panya aliyelala.
Milka anaonyesha kwa kalamu: hapa tutafunga sensa,
waya huu utazungumza na kompyuta,
mota mpya itatii namba.
Namsikia nusu.
Chini ya beringi kuna karatasi ngumu
iliyokunjwa mara nne, imelewa grisi.
Pakiti ya sigara. Sigara zake.

"Nani kaweka hii?" Milka anauliza.
"Karatasi hushika siku kumi, kumi na tano, kisha hulegea.
Fundi yeyote anajua."

Fundi yeyote anajua.

Nimeipima kwa maikromita, maana ndilo zoezi la leo:
nusu milimita kasoro kidogo.
Hesabu nyingine nimeifanya kimya,
mara mbili kwa mwezi, dakika arobaini,
miaka kumi na tisa.
Ni buti za watoto za vipupwe vingapi?
Ni matufaha mangapi?
Alizitaka pesa za saa za ziada,
au alizitaka dakika zenyewe,
kiti chake kando ya goti langu?
Yuko makaburini, kule kilimani, tangu mwaka juzi.
Kitambaa chekundu hakionekani kutoka kule.

Deyan amekata kipande cha bati la chuma.
Nimekisugua mpaka kikakaa sawasawa,
nikakaza zote, ya tano mwisho, kwa kuwa naijua.
Milka amewasha.
Umezunguka. Haukugugumia.
Wenzangu wamepiga makofi, Rusi amenipiga bega,
na mimi nimesimama nikitega sikio
nikingoja kile kikohozi.

Kwenye fomu, penye Hitilafu, nimeandika:
ulegevu chini ya beringi.
Penye Chanzo sijaandika kitu.
Milka amesema bila hapo sipati alama.
Nimesema nitajaza kesho.
Pakiti iko mfukoni mwa aproni;
grisi imeshapenya hadi pajani.